Kuunda mashua uani: usiifanyie pupa kalafati

Huku Lamu, hasa Matondoni, chombo huundwa bila mchoro wa karatasi. Fundi hupima kwa jicho, kamba na shibiri. Mimi nilifunzwa na ami yangu, na mashua yangu ya kwanza, ya futi 18, niliiunda uani chini ya banda la makuti.

Kazi huanza na mkuku. Hapo usifanye ubahili: tafuta mbambakofi au mti mwingine mgumu ulionyooka. Mbele husimamishwa hanamu, nyuma fashini. Mbao za ubavuni, wengi wetu hutumia mwembe kwa kuwa bei yake si kali.

Mataruma ndiyo yanayosumbua. Hutafutwa tawi lililopinda lenyewe, nyuzi za mti zifuate mpindo. Ukiuchonga mpindo kwenye ubao ulionyooka, siku ya mawimbi taruma huvunjika pale pale nyuzi zilipokatwa. Mti wetu wa kazi hii ni mlilana, lakini huo ni mkoko, na mikoko haikatwi bila kibali. Serikali iliposimamisha ukataji miti misituni Februari 2018, mafundi tulihangaika sana.

Msumari nao usiupige kavu. Toboa kwanza kwa keekee, kisha uzungushie pamba iliyotiwa mafuta, maji yasipenye.

Kosa langu lilikuwa kalafati. Nilitaka kuwahi kaskazi, nikaikalafati mashua nzima kwa siku moja, na mbao zenyewe zilikuwa hazijakauka sawasawa. Mbao zikasinyaa, pamba ikalegea. Tulikuwa watatu ndani ya mkondo wa Manda maji yalipoanza kuingia. Mmoja alishika usukani, wawili tukichota kwa ndoo mpaka tukafika pwani. Ami hakunigombeza. Alinipa patasi na nyundo, akaniambia niitoe pamba yote.

Mara ya pili nilitumia siku sita. Pamba huchovywa mafuta, husokotwa, hupigwa ndani ya kila mwanya mpaka patasi igome. Kisha, kabla ya kuishua, nilijaza mashua maji ikiwa ingali uani, nikazunguka nje na kipande cha mkaa, nikitia alama kila palipodondoka tone. Alama zilikuwa kumi na moja. Baada ya kuziba zote ndipo nilipopaka deheni, yaani shahamu na chokaa, sehemu ya chini yote, kuwazuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao.