Ukuta na Ardhi: Habari za Kisiwa cha Galveston

Mtu wa kisiwani hula kwa bahari, husafiri kwa bahari, na pengine hufa kwa bahari. Namna jamii inavyojikinga na hatari hiyo ni sehemu ya historia ambayo hatuisomi vya kutosha. Mfano wake mmoja mkubwa ni mji wa Galveston, uliojengwa juu ya kisiwa cha mchanga katika pwani ya Texas, Marekani.

Kisiwa hicho ni chembamba. Upande mmoja kinakabili Ghuba ya Meksiko, na upande wa pili hori hukitenga na bara. Mwaka 1900 mji ulikuwa na watu wapatao 37,000 na bandari yenye utajiri, lakini mahali pake pa juu kabisa hapakufika futi 9 juu ya bahari. Maonyo hayakukosekana. Bandari ya Indianola, katika pwani iyo hiyo, ilipigwa na tufani mwaka 1875, ikapigwa tena mwaka 1886, na wenyeji wake wakaihama. Watu wa Galveston wakazungumza habari ya kujenga ukuta, kisha mazungumzo yakapoa. Mwaka 1891 Isaac Cline, mkuu wa kituo cha hali ya hewa mjini humo, aliandika gazetini kwamba kuhofu madhara makubwa ya tufani ni upuuzi. Watu wakalipenda neno hilo, maana halikuwadai fedha.

Tarehe 8 Septemba 1900 maji yalipanda zaidi ya futi 15 na kukifunika kisiwa. Waliokufa hukadiriwa kuwa baina ya 6,000 na 8,000, na mke wa Cline alikuwa mmoja wao. Hapana tufani iliyopata kuua watu wengi kuliko hao katika historia ya Marekani.

Waliosalia hawakuuacha mji. Wahandisi watatu walishauri mambo mawili: kujenga ukuta wa saruji wenye kimo cha futi 17, na kuinua ardhi ya mji wenyewe. Ukuta ulianzwa mwaka 1902, na sehemu yake ya kwanza, yapata maili 3, ikamalizika mwaka 1904. Jambo la pili halisifiwi sana, nalo ndilo lililokuwa gumu zaidi. Tangu mwaka 1903 hata 1911 majengo zaidi ya 2,000 yaliinuliwa kwa jeki, na mchanga uliochimbwa chini ya maji ukamiminwa chini yake kwa mabomba. Wenye nyumba walijilipia gharama za kuinua nyumba zao, na kwa miaka kadha watu walipita juu ya mbao, matope yakiwa chini yao. Ardhi mpya iliinamishwa kutoka ukutani kuelekea hori, ili maji yatakayoruka ukuta yapate njia ya kutokea.

Mwaka 1915 tufani nyingine kubwa ilifika, na waliokufa mjini walikuwa wachache. Kazi ilikuwa imezaa matunda.

Hata hivyo bahari haikushindwa. Mawimbi yaliula ufuko ulio mbele ya ukuta, ikawa sharti kuleta mchanga mwingine. Tarehe 13 Septemba 2008, katika tufani iliyoitwa Ike, maji mengi yaliyouzamisha mji yaliingia kwa upande wa hori, upande ule ule ulioinamishiwa ardhi, ambako ukuta haukuwapo.

Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Galveston haikuziba ufa, ikajenga ukuta, na baada ya karne moja ikaona ufa mwingine nyuma ya ukuta huo. Kila kizazi hujikinga na msiba kinaoukumbuka. Basi yawapasa watu wa visiwa kuuliza, kabla ya kumwaga saruji, ni wapi palipo chini, na nani akaaye hapo. Swali hilo ni rahisi kujibiwa siku ya utulivu, na siku hiyo ndiyo ambayo watu hawaliulizi.