Plagi Isiyotoa Cheche

Binamu yangu wa Mombasa alinitumia gari la rimoti nimuuzie Nairobi, tugawane pesa. Si la betri, ni lile la injini, 2.1 cc tu, inayokunywa methanoli iliyochanganywa na nitromethani na mafuta ya kulainisha. Kule kwao, alisema, lilikuwa linakimbia vibaya sana. Hapa mteja wa kwanza alikuja, likawaka, nikatoa ile klipu ya betri kwenye plagi, likazima. Mara ya pili, vilevile. Mteja akaenda zake na kodi yangu.

Nilidhani nimeangushiwa mzigo mbovu. Kumbe injini ilikuwa nzima. Plagi ndiyo haikufaa. Na hadithi ya hiyo plagi, ukiifuata nyuma, inaanzia mgodini.

Mwaka 1812 gesi ililipuka katika mgodi wa makaa ya mawe wa Felling, kaskazini mashariki mwa Uingereza, ikaua watu 92, wanaume na wavulana. Wakati huo wachimbaji walimulika kwa moto wazi. Mkemia Humphry Davy akaombwa msaada, na 1815 akaonyesha taa iliyozungushiwa wavu wa waya: hewa inaingia, mwali hautoki. Akaendelea kuchokora gesi. Mwaka 1817 akaeleza jambo la ajabu: waya wa platinamu uliopashwa moto, ukiwekwa kwenye mchanganyiko wa gesi na hewa, unaendelea kung'aa bila mwali wowote. Gesi inaungua juu ya waya, waya unapata joto, joto linaunguza gesi zaidi. Davy akapendekeza waya huo uwekwe ndani ya taa, ili gesi ikizima mwali, mchimbaji abaki na kamwanga ka kumtoa nje.

Hii nilifundishwa kampasi, kabla sijaacha masomo mwaka wa pili. Ilikuwa sentensi moja: kichocheo huharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha. Tukakariri, tukaandika kwenye mtihani. Hakuna aliyetaja mgodi.

Sasa ruka hadi Marekani, miaka ya 1930. Watu wanarusha ndege ndogo za mfano zenye injini za petroli kama Brown Junior. Shida ilikuwa uzito. Plagi ya cheche inataka betri, koili na kondensa, na vyote lazima vibebwe na hako kandege. Mwaka 1947, Ray Arden wa New York akaingiza sokoni plagi yenye kikoili cha platinamu. Unaipasha kwa betri ya volti 1.5, injini ikishika unachomoa betri na kuiacha chini. Mvuke wa methanoli ukigusa platinamu, yanatokea yale ya Davy. Mgandamizo na mlipuko uliotangulia vinaongezea joto, koili inabaki nyekundu.

Lakini kuna kitu kilipotea hapo. Injini za cheche zilikuwa na kimkono cha kuamua moto uwake mapema au uchelewe. Arden alipoondoa ule mzigo, kimkono nacho kikaenda. Tangu hapo, wakati wa kuwaka unaamuliwa na joto la plagi, mgandamizo na mafuta. Ukichagua plagi, bana, unashika kile kimkono.

Ndiyo maana zinauzwa za moto, za kati na za baridi. Ya moto inawasha mapema: injini ndogo, nitro kidogo, hewa baridi. Ya baridi inachelewesha: injini kubwa, nitro nyingi, jua kali. Ukizidisha moto, mafuta yanawaka kabla pistoni haijafika mahali pake, unasikia mlio kama wa kitu kinachokaangwa, na koili inapinda au inakatika. Ukizidisha baridi, injini inakufa ukitoa klipu. Ndiyo, kama ile yangu. Halafu angalia umbo kabla hujalipa: plagi za turbo zina kikalio cha koni na haziingiliani na zile za kawaida.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo silinda inapata oksijeni kidogo, mgandamizo unashuka, na mafuta yanakuwa mengi kuliko hewa. Plagi baridi iliyokuwa sawa Mombasa huku haipati joto la kujishikilia. Nikanunua ya moto, nikafunga sindano ya kabureta kidogo kidogo, nikihakikisha moshi bado unatoka, maana moshi ukiisha ujue unaiua injini. Nikatoa klipu. Likaendelea kunguruma. Jirani akatoka kulalamika, sikumsikia.

Mteja aliyelichukua alisema ni zawadi ya shemeji yake Malindi. Nikamfungia plagi ya zamani kwenye karatasi, juu nikaandika: weka hii kabla ya kuwasha, na sindano ifunguliwe kidogo.