Core 2 Duo E8400 au Core i3-2100: ipi ununue kwenye kompyuta ya mtumba?

Ukiingia kwenye duka la kompyuta za mtumba, iwe Tabora mjini, Nzega au Urambo, utakuta mashine za mezani za Dell na HP zimepangwa ukutani. Mbili zinaweza kufanana kwa rangi, ukubwa na hata uchakavu. Moja ina prosesa ya Intel Core 2 Duo E8400 yenye kasi ya GHz 3.0. Nyingine ina Intel Core i3-2100 yenye GHz 3.1. Bei zinapishana, na unaambiwa mwendo wake ni ule ule.

Si ule ule. Kwa anayetaka kufungua steshenari ndogo, au chama cha ushirika kinachotafuta mashine ya kuwekea hesabu za wakulima wa tumbaku, kosa hapa ni kununua kitu kitakachokwama mapema. Makala haya yanaeleza tofauti ilipo, na lini ile ya bei ndogo bado inafaa.

Prosesa ni ipi?

Mtaani tumezoea kuita sanduku zima "CPU". Kwa kweli CPU, yaani prosesa, ni kipande kidogo cha mraba kilichobanwa ndani ya sanduku hilo, juu ya mazabodi, chini ya feni. Ndicho kinachofanya hesabu zote. Sanduku zuri linaweza kuwa na prosesa dhaifu ndani, na sanduku lililochubuka likawa na prosesa nzuri. Kwa hiyo usinunue sanduku, uliza kilichomo.

Namba zao

Core 2 Duo E8400
- Ilitoka mwaka 2008
- GHz 3.0, viini 2, njia 2 za kazi
- Inatumia RAM ya DDR2 au DDR3, kutegemea mazabodi
- Haina sehemu ya picha ndani yake, inategemea mazabodi au kadi

Core i3-2100
- Ilitoka mwaka 2011
- GHz 3.1, viini 2, njia 4 za kazi
- Inatumia RAM ya DDR3
- Ina sehemu ya picha ndani yake

Kwa nini GHz haitoshi

GHz ni idadi ya hatua ambazo prosesa inapiga kwa sekunde. GHz 3 ni hatua bilioni 3. Lakini namba hiyo haisemi kila hatua inafanya kazi kiasi gani.

Fikiria wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Wawili wanaweza kupiga hatua sawasawa siku nzima, lakini kama mmoja amebeba mzigo mara moja na nusu ya mwenzake, ndiye aliyefikisha mali nyingi zaidi jioni. Ndivyo ilivyo hapa. Vipimo vya kawaida vya kompyuta huiweka i3-2100 karibu mara moja na nusu ya E8400 kwa kazi nzima, ingawa GHz zao zinakaribiana.

Sababu kubwa ni mbili. Kwanza, i3 inawasiliana na RAM moja kwa moja, wakati E8400 lazima ipitie kipande kingine kwenye mazabodi. Hapa unaweza kusikia kwamba E8400 ina kumbukumbu ya ndani ya MB 6 na i3 ina MB 3 tu. Ni kweli, lakini wingi huo hauzibi pengo.

Pili, kila kiini cha i3 kinahudumia njia mbili za kazi. Ni kama karani mwenye foleni mbili: mteja wa kwanza akiwa bado anatafuta kitambulisho mfukoni, karani anamhudumia wa foleni ya pili. Hapati mikono ya ziada, ila hakai bure.

Kwenye kazi halisi

Kuandika barua, kuchapa mtihani wa shule, kutoa kopi na kujaza jedwali dogo la hesabu: zote mbili zinafanya, na tofauti utaiona kidogo tu.

Intaneti ndiyo inayozitenganisha. Mwanafunzi akija kuomba mkopo wa elimu ya juu, mwingine anataka matokeo ya NECTA, na wewe umefungua barua pepe pembeni, E8400 huanza kusuasua mapema. Video za ubora wa juu pia huilemea zaidi. Foleni ikiwa ndefu mlangoni, dakika mbili kwa kila mteja ni fedha.

RAM na diski kwanza

Kabla ya kulaumu prosesa, angalia vitu hivi viwili. E8400 yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD itakufurahisha kuliko i3-2100 yenye GB 2 na diski ya zamani inayozunguka. Diski ya zamani ndiyo inayofanya kompyuta ichukue dakika kadhaa kuwaka. Mashine zote mbili zinapokea SSD ya SATA, na ukija kubadilisha kompyuta unaihamisha SSD yako.

Kwa RAM, kuwa makini na E8400. Dell OptiPlex 760, kwa mfano, inatumia DDR2, lakini OptiPlex 780 inatumia DDR3. DDR2 ni ya zamani, na kupata vipande vya GB 4 ni shida. DDR3 inapatikana kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo E8400 ya DDR2 inayouzwa rahisi inaweza kukugharimu zaidi utakapotaka kuiongezea RAM.

Windows itakubali?

Microsoft iliacha kutoa huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haizitambui rasmi prosesa hizi zote mbili. Ukiuziwa mojawapo kwa maneno kwamba "inapiga Windows 11 bila shida", uliza imewekwaje.

Hata hivyo ziko tofauti. Windows 11 ya toleo la 24H2 inahitaji amri fulani ndani ya prosesa ambazo E8400 haina kabisa, hivyo haitawaka hata fundi afanye ujanja gani. i3-2100 inazo amri hizo. Mafundi huweza kuiwekea kwa njia isiyo rasmi, lakini Microsoft haiahidi kwamba itaendelea kupokea masasisho.

Njia salama kwa zote mbili ni Linux Mint pamoja na LibreOffice. Ni bure, inapata masasisho ya usalama, na inafungua faili za Word na Excel. Ila kabla ya kuhamia, hakikisha printa yako inafanya kazi nayo.

Umeme

Prosesa zote mbili zimeandikwa wati 65. Hicho ni kiwango cha joto zikifanya kazi kwa nguvu, si zinachokula kila saa. Mashine ya i3 kwa kawaida hula kidogo zaidi inapotulia. Tuseme inapunguza wati 20, inawaka saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni uniti 4 na kidogo. Kama uniti moja ni shilingi 350, unaokoa karibu shilingi 1,450 kwa mwezi. Kwa mwenye LUKU si fedha nyingi. Kwa anayetumia sola, wati 20 zinaweza kuamua kama betri itafika jioni.

Uamuzi

Linganisha gharama nzima, si bei ya ubaoni tu. Chukua bei ya mashine, ongeza RAM ya kufikia GB 8, ongeza SSD. Fanya hivyo kwa zote mbili.

- Kama tofauti ni ndogo, chukua i3-2100. Ina kasi zaidi, na mazabodi nyingi zinazoibeba zinakubali pia Core i5-2400 yenye viini vinne ukitaka kuongeza nguvu baadaye.
- Kama tayari una E8400, usiitupe. Iwekee SSD, ongeza RAM, weka Linux.
- Kama E8400 ndiyo pekee unayoimudu, chagua yenye DDR3 na uitumie kwa kuchapa na kuandika.
- Kama unataka mashine ya kukaa miaka mingi na Windows 11 rasmi, hakuna hata moja kati ya hizi. Kwa upande wa Intel, tafuta Core ya kizazi cha 8 au zaidi, hata ikibidi usubiri msimu mwingine wa mavuno.

Kagua kabla ya kulipa

1. Usiamini stika ya nje, inaweza kubandikwa upya. Washa mashine, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, bonyeza Enter. Soma mstari wa "Processor": uone E8400 au i3-2100.
2. Kwenye ukurasa huohuo soma kiasi cha RAM.
3. Iache iwake nusu saa ukiwa dukani, na ufungue kurasa kadhaa za intaneti. Ikizima yenyewe au feni ikipiga kelele sana, iache.
4. Jaribu matundu yote ya USB.
5. Omba risiti yenye jina la prosesa, kiasi cha RAM na muda wa kurudisha. Kutoka Kaliua au Sikonge kurudi mjini na sanduku bovu ni nauli ya pili.