Sericostachys scandens

Mmea upandao wa jamii ya mchicha, na kwa hiyo, ajabu ya maumbile, ni ndugu wa mboga ya lengalenga iuzwayo sokoni Bukavu, mashariki ya Kongo. Wataalamu Ernst Gilg na Giuseppe Lopriore waliupa jina mwaka 1899, kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya hariri na suke, kwani maua yake meupe huning'inia kwa masuke laini, na mbegu zake, zikiwa na manyoya marefu, huchukuliwa na upepo.

Asili yake ni misitu ya Afrika ya tropiki, ikiwemo ile ya Kameruni na ya milima ya Kivu, Rwanda, Burundi na Uganda. Si mgeni, basi, kama yalivyo magugu mengi yalalamikiwayo. Hata hivyo, katika Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 magharibi ya Bukavu na kutiwa katika urithi wa dunia mwaka 1980, mmea huu, upendao nuru kuliko kivuli, umeenea popote msitu ulipofunguliwa kwa shoka au moto, ukaifunika miti kwa blanketi zito hata miche michanga ikakosa jua. Wapo wanaodhani kwamba kuuawa kwa tembo wa nyanda za juu, wakati wa vita vya miaka ya 1990, kuliupa nafasi. Mmea huu hukaa miaka mingi bila ua. Kisha huchanua kwa pamoja, na baada ya kuzaa, hufa.