Mawe Yaliyotoka Mirihi: Je, Yalibeba Uhai?

Miaka michache iliyopita niliwaambia vijana wa mafundisho hapa Bel-Air ya kwamba wataalamu wa Marekani wamekuta alama za vidudu katika jiwe lililotoka sayari ya Mirihi. Habari hiyo niliisoma seminarini katika gazeti kuukuu la Kifaransa la mwaka 1996, nami nikaisema kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Mwaka uliofuata kijana mmoja, ambaye kaka yake anasoma mambo ya migodi, aliniuliza mbele ya wote: «Mwalimu, kaka anasema habari ile haikuthibitika. Tushike neno la nani?» Sikuwa na jibu. Niliomba nafasi ya majuma mawili nikatafute. Haya ndiyo niliyoyapata, nami nayaandika kwa kuwa nasikia si mimi peke yangu niliyeieneza habari ile nusunusu.

Kwanza tujue kimondo ni nini. Watu wa Mbozi, kusini-magharibi ya Tanzania, wanacho kimoja kikubwa sana: bonge la chuma la urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Huko Mbale katika Uganda, tarehe 14 Agosti 1992, mawe yalinyesha mjini mchana, na kipande kidogo kikampiga mtoto kichwani baada ya kupita katika jani la mgomba, hakuumia. Mawe hayo yote hayakutoka Mirihi. Vimondo vilivyo vingi ni vipande vya miamba midogo inayozunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii. Vilivyotoka Mirihi ni vichache mno, na Afrika imepata sehemu yake.

Tarehe 28 Juni 1911, asubuhi, watu wa Nakhla, karibu na Aleksandria katika Misri, walisikia mshindo angani, wakaona moshi, kisha mawe yakaanguka mashambani. Viliokotwa vipande 40 hivi, jumla kama kilo 10. Wengine husimulia habari ya mbwa aliyeuawa na kipande kimoja. Wachunguzi waliitafuta mizizi ya hadithi hiyo wasiione, lakini ingali inatembea. Sisi wa Lubumbashi tuna sababu yetu ya kuukumbuka mwezi huo, kwa maana mwishoni mwa Juni 1911 tanuru ya mji wetu ilitoa shaba yake ya kwanza, kwa madini ya mgodi ulioitwa Étoile, maana yake nyota. Baadaye, tarehe 3 Oktoba 1962, mkulima wa Zagami, kaskazini ya Nijeria, alikuwa akifukuza kunguru katika mahindi yake, jiwe la kilo 18 likaanguka karibu naye, mita 3 tu. Na mwaka 2011 mawe mengine yalianguka karibu na Tissint katika Moroko.

Mtu atauliza: nani aliona mawe hayo yakiondoka Mirihi? Hakuna aliyeona. Njia ya kujua ilikuwa ndefu, nayo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Umri wa jiwe hupimwa kwa madini yanayogeuka polepole kuwa mengine, kama vile urani, ile ya Shinkolobwe, inavyogeuka kuwa risasi katika muda mrefu unaojulikana. Vimondo vingi vina umri wa miaka milioni 4,500. Jiwe la Nakhla lilipopimwa likaonekana kuwa na miaka milioni 1,300 tu, nalo ni jiwe la volkeno. Sasa mwamba mdogo wa angani hupoa upesi, kama kisufuria kilichoteguliwa motoni. Hauwezi kuwa na moto wa volkeno baada ya miaka milioni elfu tatu. Basi jiwe lilitoka kwenye sayari kubwa iliyoshika joto lake muda mrefu. Mirihi ilitajwa, ila ushahidi haukuwapo bado.

Ushahidi ulikuja kwa hewa. Mwaka 1976 vyombo viwili vya Marekani vilivyoitwa Viking vilitua Mirihi vikaipima hewa ya huko. Baada ya miaka michache likaokotwa katika barafu ya Antaktika jiwe moja lenye mishipa ya kioo cheusi ndani yake. Mnamo 1983 Donald Bogard na Pratt Johnson walikipasha moto kioo hicho, nacho kikatoa hewa iliyokuwa imefungwa humo. Ilikuwa sawa na ile iliyopimwa na Viking. Kwetu si jambo gumu kulielewa. Nani katika Lubumbashi asiyejua mlima mweusi wa takataka za tanuru? Vunja kipande chake utaona vitundu vya hewa iliyokamatwa wakati takataka ilipopoa. Vivyo hivyo mwamba mkubwa ulipoigonga Mirihi, mawe yaliyeyuka mahali mahali, yakakamata hewa, yakarushwa angani pamoja na vipande vingine. Baada ya mamilioni ya miaka vichache vilikutana na dunia yetu.

Sasa tufike kwenye jiwe lililonitia aibu. Tarehe 27 Desemba 1984 bibi mmoja Mmarekani, Roberta Score, aliliona juu ya barafu ya Antaktika, mahali paitwapo Allan Hills. Lilikuwa na uzito wa karibu kilo 2. Likapewa namba 84001, likawekwa kabatini pamoja na mawe ya aina nyingine, kwa kosa. Miaka tisa ilipita kabla David Mittlefehldt hajatambua, mwaka 1993, ya kuwa ni la Mirihi. Nalo ni la kale ajabu, lapata miaka milioni 4,090. Lilirushwa kutoka Mirihi yapata miaka milioni 16 iliyopita, likaanguka katika barafu yetu miaka 13,000 hivi iliyopita.

Ndani ya nyufa zake mna vidonge vidogo sana vya rangi ya machungwa. Ni kabonati, jamaa ya malakiti yetu. Wachimbaji wa Katanga wanajua jinsi maji yapitayo katika mwamba wenye shaba yanavyoacha jiwe lile la kijani. Hivyo na katika Mirihi: maji yalipita katika ufa, yakaacha vidonge. Mwaka 2011 wataalamu wa California walipima joto la maji hayo wakapata digrii 18 hivi, baridi ya asubuhi ya Juni hapa kwetu inayozoeleka kwa koti jepesi. Maji ya namna hiyo yangeweza kukaliwa na kiumbe.

Ndipo tarehe 7 Agosti 1996 David McKay na wenzake wa shirika la NASA walipotangaza mjini Washington ya kwamba huenda kiumbe alikaa humo kweli. Karibu na vidonge walikuta kemikali za kaboni, na punje ndogo za chuma chenye sumaku zinazofanana na zile ambazo bakteria fulani za matope ya dunia yetu hujitengenezea ili kujua njia. Tena palikuwa na maumbo kama vijinyoo. Rais Clinton mwenyewe alisimama siku hiyo akalinena jiwe hilo. Picha ya kinyoo ikaenda dunia nzima, na mwishowe ikafika katika rafu ya vitabu ya seminari yetu.

Lakini gazeti langu halikuwa na kurasa za miaka iliyofuata. Hata siku ile ile ya Agosti, William Schopf, mjuzi wa mabaki ya viumbe vya kale, alialikwa mezani, naye akasema wazi kwamba hajaridhika. Halafu hoja zikaanza kupungua moja moja. Vijinyoo vilionekana vidogo mno: havikuzidi milimita 0.0001, na kamati ya wataalamu ya mwaka 1999 ilikadiria kwamba kiumbe anayejitegemea hawezi kuwa chini ya milimita 0.0002 hivi, kwa kuwa viungo vyake havingeenea. Punje za sumaku zilitengenezwa katika maabara kwa kupasha moto kabonati, bila kiumbe chochote. Kuhusu kaboni, Andrew Steele na wenzake walionyesha mwaka 2022 ya kuwa ilitokana na maji kutenda kazi na mwamba wenyewe. McKay hakuiacha hoja yake hadi alipofariki mwaka 2013, wala simcheki. Alitoa jiwe lake lipimwe na kila mtu.

Jiwe la Nakhla nalo lilikutwa na chembe za asidi-amino, matofali ya mwili wa kiumbe. Furaha haikudumu. Mwaka 1999 ilionekana kuwa zinafanana na zile za udongo wa bonde la Nili. Jiwe lilikuwa limelala chini katika shamba la Misri, likanywa maji ya Misri.

Kipande cha Nakhla kimo pia katika mkusanyo wa vimondo wa Vatikano, ulioanzishwa kwa zawadi za Markizi de Mauroy wa Ufaransa. Mtunzaji wake kwa miaka mingi alikuwa Bruda Guy Consolmagno, Mjesuiti, ambaye kabla ya kuingia utawa alifundisha fizikia katika Kenya. Mwaka huo huo wa 1996 yeye mwenyewe alikwenda Antaktika kuokota vimondo. Nilipolisimulia hilo kwa vijana, mama mmoja wa Legio aliyekuwa akingoja mlangoni aliuliza: «Na wakiukuta huo uhai, Baba Katekista, sala zetu zitakuwaje?» Nilimjibu kwamba Padri José Gabriel Funes, alipokuwa mkuu wa jumba la nyota la Vatikano, alisema mwaka 2008 katika gazeti la Vatikano ya kuwa kumwamini Mungu hakuzuii kuwapo viumbe mahali pengine. Alitikisa kichwa, akasema atamwuliza paroko.

Yule kijana aliyeniuliza nilimwambia mbele ya wote kwamba kaka yake alisema kweli. Mwenzake, ambaye huchimba mawe siku za likizo, alicheka akasema: «Ni kama sisi kwa mnunuzi, Mwalimu. Jiwe ni kijani kabisa, unajiona tajiri, halafu mashine inasoma asilimia mbili.»

Wakataka kujua kama utafutaji umekwisha. Haukwisha. Chombo Perseverance kilitua Mirihi tarehe 18 Februari 2021, mahali palipokuwa ziwa hapo kale. Mwezi wa Julai 2024 kilikuta jiwe lenye madoadoa kama ya chui, kikalitoboa, kikachukua kipande kama kidole. Mwezi wa Septemba 2025 wataalamu waliandika ya kuwa madoa hayo yanaweza kuwa kazi ya vidudu vya kale, au kazi ya kemikali tu. Safari hii waliyasema yote mawili siku moja. Kipande hicho hakijagusa udongo wa Misri wala barafu yetu. Kimefungwa katika bomba la chuma huko huko Mirihi, na hata sasa ninapoandika, hakuna chombo kilichokwenda kukileta.