Kishikwambi Nacho ni Kompyuta

Ndugu msikilizaji, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Watanzania wengi tulikuwa hatujawahi kulitamka neno kishikwambi. Makarani walipoanza kupita majumbani tarehe 23 Agosti mwaka ule, wakiwa na vile vibao vya kioo mikononi badala ya madodoso ya karatasi, neno likaenea nchi nzima. Sensa ilipokwisha, vifaa hivyo vikagawiwa walimu, na neno likaingia mashuleni pia. Leo hata mama muuza vitumbua pale mtaani kwangu anajua kishikwambi ni nini.

Lakini ukiuliza ni cha kazi gani, majibu ni yale yale. Ni cha watoto kutazamia katuni. Ni cha karani wa sensa. Ni simu iliyonenepa. Kompyuta yenyewe, watu watakwambia, ni ile inayofunguka kama kitabu, ya kubebwa begani katika mkoba wake mweusi, na bei yake ni ya kuuzia kiwanja. Mimi kwa miaka mitatu sasa naandikia makala haya kwenye kishikwambi cha inchi nane, cha bei ya chini, nilichonunua Kariakoo, pamoja na kibodi ndogo ya kukunja. Wenzangu chumba cha habari wananitania kwamba natumia mdoli. Basi leo nimeona tuzungumzie historia ya jambo hili, kwa sababu utani huo una umri mrefu kuliko wanavyodhani.

Tuanze na mwaka 1972. Katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, mtaalamu mmoja jina lake Alan Kay aliandika waraka akieleza kompyuta ya kila mtu, hasa watoto, iliyo nyembamba kama daftari na ya kubebwa mkononi. Aliiita Dynabook. Haikuwahi kutengenezwa kama alivyoiwaza, maana wakati huo kompyuta ilikuwa kitu cha kujaza chumba. Hata hivyo mchoro wake ulibaki, na ukiutazama utaona kibao kimoja chenye skrini juu na vibonyezo vya herufi chini. Yaani huyo anayehesabiwa kuwa babu wa vishikwambi alikusudia mtoto aandike, si atazame tu.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1981, ikaja Osborne 1, kompyuta ya kwanza ya kubebwa kupata soko kubwa. Iliuzwa dola 1,795, ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, skrini yake ilikuwa ya inchi 5, na ilitaka kuchomekwa kwenye umeme ndipo ifanye kazi. Ilibebwa kweli, lakini kama cherehani inavyobebwa. Kampuni ilifilisika mwaka 1983. Wajapani wa Epson walikuwa wamekwenda njia nyingine na HX-20 yao, iliyokuwa na ukubwa wa karatasi ya barua, betri yake ndani, na hata mashine ndogo ya kuchapia. Skrini ilionyesha mistari minne tu, kila mmoja herufi 20. Ukiandika sentensi moja ya Kiswahili yenye vitenzi vyetu virefu, umeimaliza.

Ndugu msikilizaji, hapa niruhusu nikae kidogo, maana mashine inayofuata ndiyo inayonifurahisha kuliko zote, na inatuhusu sisi watu wa habari. Mwaka 1983 maduka ya Radio Shack ya Marekani yalianza kuuza kompyuta iitwayo TRS-80 Model 100, iliyotengenezwa Japani na kampuni ya Kyocera. Uzito wake ulikuwa kama kilo moja na nusu. Ilitumia betri nne ndogo, saizi ya zile za saa ya ukutani, na betri hizo zilidumu kama saa 20 za kazi. Skrini ilikuwa mistari minane, kila mstari herufi 40, bila taa na bila rangi. Ukibonyeza swichi iliwaka papo hapo, na ulichokuwa ukiandika jana ulikikuta vile vile. Ndani mlikuwa na programu tano tu: ya kuandikia, ya anwani, ya ratiba, lugha ya BASIC, na ya kutuma maandishi kwa simu. Sehemu ya programu hizo aliiandika Bill Gates kwa mkono wake mwenyewe, na amewahi kusema hiyo ndiyo mashine ya mwisho ambayo aliandika sehemu kubwa ya programu zake.

Kumbukumbu ya ile ya bei ya chini ilikuwa kilobaiti 8. Tupige hesabu. Kilobaiti moja ni herufi elfu moja na kitu. Kwa hiyo mashine nzima haikuweza kushika zaidi ya herufi elfu nane na kitu, na makala haya ninayokusomea yasingeingia yote.  

Waandishi wa habari waliinunua. Mwandishi wa michezo alikaa uwanjani, akaandika huku mpira unachezwa, na filimbi ya mwisho ilipolia akatafuta simu, akaunganisha modemu, na kuirusha habari yake. Modemu ile ilikwenda kwa kasi ya herufi 30 hivi kwa sekunde. Habari ya herufi elfu tatu ilifika katika muda usiozidi dakika mbili, na kule ofisini hakuna aliyelazimika kuipiga chapa upya. Mahali ambapo waya haukuweza kuchomekwa, walivalisha mkono wa simu vikombe viwili vya mpira, mashine ikapiga miluzi yake kwenye simu kama mtu anayezungumza.

Wewe uliyefanya kazi ya habari hapa kwetu katika miaka hiyo unajua tulikuwa tunafanyaje. Mwandishi wa mkoani aliiandika habari kwa mkono, akapanga foleni ya teleksi au ya simu, akaisoma neno kwa neno huku mwenzake wa Dar es Salaam akiipokea kwenye taipureta, na jina la kijiji likafika likiwa limeharibika. Mimi niliingia kazini baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini chuoni nasi tulifundishwa kwanza kwa taipureta, na wakubwa wetu walitusimulia mambo hayo kama mtu asimuliavyo safari ya gari la mkaa.

Sasa swali la kihistoria ni hili. Kama mwaka 1983 ilijulikana kwamba mashine ndogo, nyepesi, yenye skrini ya mistari minane inatosha kwa kazi ya mwandishi, ilikuwaje baada ya miaka ishirini tukaamini kwamba bila mashine kubwa mtu hawezi kuandika barua?

Sehemu ya jibu ni biashara. Faida ya mashine kubwa ni kubwa, na programu mpya kila mara zilidai kumbukumbu zaidi. Wapo waliojaribu kuzuia mwendo huo. Waingereza wa Psion walitoa Series 3 mwaka 1991 na Series 5 mwaka 1997, vikompyuta vya kuingia mfuko wa koti, vyenye kibodi, na vilivyotumia betri mbili tu. Walivipenda sana wenye kuvijua, lakini havikuwa vya bei ya mtu wa kawaida.

Kisha mwaka 2005, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa mjini Tunis, Profesa Nicholas Negroponte alionyesha kompyuta ya watoto wa nchi maskini ambayo alisema itauzwa dola 100. Pembeni ilikuwa na mpini wa kuzungusha ili izalishe umeme wake yenyewe. Waandishi walimwomba Katibu Mkuu Kofi Annan auzungushe wapige picha, na mpini ukamtoka mkononi. Mashine iliyotoka kiwandani mwaka 2007 haikuwa na mpini, na bei ilikuwa karibu dola 190. Rwanda ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizozichukua kwa wingi. Wengi huuhesabu mradi ule kuwa umeshindwa. Mimi naona ulitimiza jambo moja, uliwatia hofu watengenezaji wakubwa. Mwaka huo huo wa 2007 Asus ya Taiwan ikatoa Eee PC, ya inchi 7, isiyofika kilo moja, na watu wakaigombea. Kumbe wateja walikuwapo siku zote.

Angalia yaliyofuata. Mwaka 2009 Microsoft ilitoa toleo la Windows 7 kwa ajili ya mashine hizo ndogo, na katika toleo hilo mtumiaji hakuruhusiwa hata kubadili picha ya nyuma ya skrini. Hakuna sababu ya kiufundi ya kumnyima mtu picha ya mwanawe kwenye kioo chake. Ilikuwa ni kumkumbusha kila akiiwasha kwamba amenunua cha bei rahisi. Kufikia 2013 watengenezaji wakubwa walikuwa wameachana nazo.

Nafasi yao ilichukuliwa na kishikwambi. Januari 27, 2010, Steve Jobs wa Apple alipoitambulisha iPad alikaa kwenye kiti cha starehe jukwaani, miguu ameikunja, akaonyesha namna ya kuperuzi na kutazama picha. Kibodi ya kuichomeka iliuzwa tangu mwanzo, lakini dunia ilikikumbuka kile kiti. Oktoba mwaka huo huo akavibeza vishikwambi vya inchi 7, akisema vitahitaji kuuzwa pamoja na msasa ili watu wajichonge vidole. Miaka miwili baadaye, Novemba 2012, yeye akiwa ameshafariki, kampuni yake ilianza kuuza ya inchi 7.9.

Wahindi nao Oktoba 2011 walizindua Aakash, ya inchi 7, kwa wanafunzi, iliyotangazwa duniani kote kuwa ya dola 35. Skrini yake ilitaka kubonyezwa kwa nguvu na betri haikudumu. Majirani zetu wa Kenya wana kisa chao. Katika kampeni za 2013 muungano wa Jubilee uliahidi kompyuta mpakato kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ilifutwa mwaka 2014, na vifaa vilipoanza kufika shuleni mwaka 2016 vilikuwa vishikwambi. Wapinzani walisema watoto wamedanganywa. Sikubaliani nao katika hilo. Kasoro haikuwa umbo la kifaa, ilikuwa umeme usiokuwapo na mwalimu asiyeandaliwa, na kompyuta mpakato ingefungiwa kabatini vile vile.

Nirudi kwangu. Kishikwambi changu kina kumbukumbu ya gigabaiti 2, ambayo wauzaji wenyewe wanaiona aibu. Ni zaidi ya mara laki mbili ya ile ya Model 100. Naandika kwenye programu nyepesi ya maandishi matupu, nikiwa nimezima intaneti, kwa sababu nikifungua kurasa tatu za mtandao pamoja nacho huanza kuhema. Studio nasoma humo humo, na fundi mitambo ameshukuru kwamba kipaza sauti hakisikii tena karatasi zikikwaruzana. Umeme ukikatika naendelea, na benki ya umeme ya kujazia simu inakitosha. Sauti fupi za mahojiano nazikata humo humo.

Yapo yasiyowezekana, na ni vizuri kuyasema. Kipindi cha saa nzima chenye nyimbo na sauti nyingi sikihariri humo, nasubiri mashine ya studio. Jedwali refu la hesabu ni mateso. Tundu la kuchajia ndilo ugonjwa wa vifaa hivi. Likilegea, fundi wa mtaani hulitengeneza kwa bei ya chakula cha mchana, lakini betri ikichoka huwezi kwenda duka la Mangi ukanunua nne nyingine, na hapo mashine ya 1983 inatushinda. Aidha, watengenezaji wa bei ya chini huacha mapema mno kutoa marekebisho ya usalama, kwa hiyo mambo ya benki siyafanyii humo.

Kwa nini nayasema haya wiki hii? Kuna kituo kimoja, sitakitaja, kimetangaza nafasi za waandishi wa kujitegemea mikoani, wale wanaolipwa kwa habari moja moja. Sharti mojawapo ni mwombaji awe na kompyuta mpakato yake, na limeongezwa kwa herufi nzito kwamba kishikwambi hakikubaliki. Mwandishi mmoja wa kusini, kijana ninayemfahamu kwa kazi yake, alinipigia simu. Ana kishikwambi na kibodi, na kwa miaka miwili ametuma habari za korosho, za barabara na za mahakama ambazo nyingine umezisikia. Akaniuliza, “Kaka, hiyo laptop inaandika herufi gani ambayo hii haiandiki?”

Nikampigia mhariri mmoja anayehusika na tangazo lile, maana tunafahamiana. Akaniambia sharti limewekwa kupima kama mwombaji yuko makini. Nikamuuliza kama kuna habari yoyote kutoka mkoani ambayo iliwahi kukataliwa ofisini kwake kwa sababu ya kifaa iliyoandikiwa. Akanyamaza kidogo, akasema hajui ziliandikiwa nini, kwa sababu zikimfikia zote zinafanana.

Nilimrudishia yule kijana maneno hayo kama nilivyoyasikia, nikamwambia apeleke barua ya maombi pamoja na habari zake tano bora, na pale kwenye sharti la kifaa aandike ukweli. Barua ameiandika usiku wa Jumanne, mtaani kwao umeme ukiwa umekatika.