Elektroensefalografia

Elektroensefalografia (kifupi: EEG) ni kipimo cha umeme hafifu unaozalishwa na seli za ubongo. Visahani vidogo vya metali hubandikwa kichwani kwa jeli, na mashine huchora mawimbi. Hakuna umeme unaoingizwa mwilini. Nywele huoshwa bila kupakwa mafuta, na misuko hufumuliwa.

Mjerumani Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili, alirekodi mawimbi hayo kwa binadamu mwaka 1924, akatangaza matokeo mwaka 1929. Kipimo kama hicho cha misuli huitwa elektromiografia.

EEG hutumika hasa kuchunguza kifafa. Si kila kifafa huangusha mtu. Kuna aina ambayo mtoto hukodoa macho kwa sekunde chache, kisha huendelea na shughuli zake. Darasani huonekana mzembe, tena huweza kuadhibiwa bure. Akipumua kwa kasi wakati wa kipimo, mara nyingi huonekana miiba na mawimbi 3 kwa sekunde.

Katika Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, ambako Bugando jijini Mwanza ni mojawapo ya hospitali za rufaa, malaria ya ubongo ni mojawapo ya vyanzo vya kifafa. Kwa mvuvi wa Ziwa Viktoria, degedege moja mtumbwini laweza kuwa kifo. Hata hivyo majibu ya kawaida ya EEG hayathibitishi kwamba mtu hana kifafa. Maelezo ya aliyeshuhudia tukio yana uzito mkubwa zaidi.